Risasi ni Risasi

Siku alipozikwa Ordell Tackett, Haskell Burgin hakulia. Alikaa garini nje ya kanisa, kofia magotini, akafikiria bunduki.

Si kwamba hakumpenda marehemu. Walijuana tangu nywele zao zikiwa nyeusi, tangu Haskell alipokuwa kijana wa kutengeneza pampu za visima na Ordell akiwa fundi wa matrekta, na katika bonde lote la Carrizo hapakuwa na mtu aliyemtaja mmoja bila kumtaja wa pili. Lakini msiba una tabia yake. Moyo ukizidiwa hutafuta kitu kidogo cha kushika, kwa sababu kile kikubwa hakishikiki. Haskell alishika bunduki. Alijiambia: ile itakuja kwangu. Kwani iende kwa nani?

Bunduki zilikuwa mbili, mapacha. Walizinunua siku moja, zikiwa bado na grisi ya kiwandani, nakala za ile bunduki ya wenzo ya enzi za mababu zao. Zilifuliwa Italia na watu ambao, kama Ordell alivyopenda kusema, hawajapata kumwona ng'ombe akivuka jangwa lakini chuma wanakijua. Unausukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio, ganda tupu linaruka juu. Unaurudisha, risasi mpya inaingia. Basi. Ila zilipotoka dukani zilikuwa nzito na zenye kukwaruza, kama mlango wa zizi uliovimba kwa mvua. Ukitaka kushindana nazo pale kwenye uwanja wao wa shabaha, Jumapili ya mwisho wa mwezi, sharti uzifungue na kuzilainisha.

Ordell alianza na ya Haskell. Aliisambaza juu ya meza katika karakana yake nyuma ya nyumba, akasugua kila panaposuguana kwa jiwe na mafuta mpaka chuma kikawa laini kama upande wa ndani wa shavu. Alitoa vile viungo vya pembeni vinavyokunjuka kama goti, akaweka vifupi zaidi, ili wenzo usafiri nusu ya safari yake ya zamani. Mwisho akaichukua springi ya nyundo, kale kabamba kembamba kanakoipa nyundo nguvu ya kugonga, akaipunguza kwa tupa kidogo kidogo, huku akiijaribu kwa kidole gumba kama mtu anayeonja mchuzi.

Haskell aliipenda bunduki ile mpaka akaona haya. Kisha Ordell akafungua ya kwake, na kila kosa alilolifanya katika ya kwanza hakulirudia katika ya pili.

"Yako ilikuwa daftari la mazoezi," alisema akicheka. "Usininunie, ndugu yangu. Kila mtu na mtoto wake wa kwanza."

Haskell alicheka naye. Lakini neno hilo lilimwingia kama mwiba wa mpungate, ule ambao hauuoni ila ukipitisha kidole unajua upo. Miaka ikaenda, na kila walipopiga pamoja aliisikiliza bunduki ya mwenzake. Ya Haskell ilisema tak-tak, tak-tak. Ya Ordell ilienda kama cherehani ya mshonaji mzuri, bila kituo, na mabamba ya chuma kule mbele yakiitikia moja baada ya jingine. Watu waliacha kula ili wasikilize. Haskell naye alisikiliza, na kijiba cha roho kilimkaa kooni kama kipande cha mkate mkavu.

Na hilo angelivumilia. Alilivumilia miaka mingi. Jambo asiloweza kulivumilia lilikuja kwa basi la shule.

Eufemia Baca ndiye aliyekuwa dereva wa basi hilo la njano, mwanamke mfupi wa kama miaka hamsini, mfupi kiasi kwamba ukimtazama kwa mbele uliona usukani na nywele tu. Alikuja uwanjani siku moja kuangalia, akapewa bunduki ya kuazima, akapenda. Pale uwanjani kila mtu hujivika nguo za enzi za mababu na kujipa jina la mchezo: Ordell alikuwa Kobe, Haskell alikuwa Mkono Mrefu kwa sababu ya mikono yake iliyoning'inia kama kamba za ndoo. Eufemia akajiita Shangazi Radi. Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wao. Jumamosi iliyofuata Haskell alipofika karakana kwa Ordell, kahawa yake kwenye chupa kama kawaida, alimkuta mama huyo amesimama mezani, mikono imejaa mafuta, anasugua chuma.

"Mkono Mrefu!" Ordell aliita. "Ingia. Ninamfundisha Shangazi namna ya kutofanya niliyoyafanya kwenye bunduki yako."

Alikuwa anatania. Haskell alijua anatania. Alikunywa kahawa yake akiwa amesimama mlangoni, akasema kuna pampu inamsubiri kwa Lindauer, akaondoka. Hapakuwa na pampu.

Jumamosi nyingine akapata sababu nyingine. Ya tatu hakutafuta sababu. Walionana uwanjani, walisalimiana, walitaniana, Ordell aliendelea kumjazia risasi na kumletea katika kopo la tumbaku. Lakini Jumamosi za karakana, zile zilizokuwa zake tangu enzi, alimwachia yule mama kama mtu anayemwachia mwizi nyumba, akae nje ahesabu vinavyotoka. Alingoja Ordell amfuate kumuuliza. Ordell hakumfuata. Baada ya kama miaka miwili, moyo wa Ordell ukasimama akiwa anakata majani mbele ya nyumba, na kungoja kukaisha.

*

Wiki mbili baada ya mazishi, Maurine, mjane wa Ordell, alipiga simu kusema kisima chake kinatoa mchanga. Haskell alikwenda asubuhi hiyo hiyo. Alivuta bomba, akabadilisha kilichokuwa kimekufa, akanawa mikono kwenye bomba la uani. Maurine akamletea chai ya baridi na kipande cha pai alicholetewa na majirani.

"Kula, Haskell. Nina pai za kulisha jeshi. Watu wakikosa la kusema wanaoka."

Akala. Akazungusha bilauri. Mwishowe akasema, kama mtu aliyekumbuka tu njiani, "Ile bunduki yake, Maurine. Ukitaka niiangalie, niipake mafuta. Chuma kikikaa bila kushikwa kinaota kutu."

"Iko kwa Eufemia."

"Umemwazima."

"Nimempa. Ordell alisema apewe."

Haskell aliweka uma chini. "Alisema lini?"

"Alisema." Maurine alimtazama, si kwa hasira. "Alisema kule karakana, mezani kwake, tena si mara moja. Wewe hukuwepo, Haskell."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza peke yake. Amempa dereva wa basi. Miaka miwili! Mtu wa miaka miwili! Mimi nimemfukia mbwa wake. Mimi nilimshika mkono pale mwanawe askari alipoletwa katika jeneza lililofunikwa bendera. Na kilichomuuma zaidi kilikuwa kinakuja: Jumapili ya mwisho wa mwezi ndiyo ilikuwa ya kumuaga Ordell.

Desturi ya uwanja wa Carrizo ni hiyo. Mwanachama akifa, katika shindano la kwanza baada ya mazishi jina lake la mchezo huitwa mara ya mwisho, kwa zamu yake, na yule mwenye bunduki yake husimama na kupiga kwa niaba yake. Saa haiwashwi. Hakuna anayeandika alama. Mabamba yakiitikia yote, kibao cha jina kinapigiliwa ukutani bandani. Lakini ikitokea bunduki imegoma na haikutengenezeka pale pale, basi imegoma, kama ambavyo ingekuwa kwa mtu hai. Zamu imepita, na haiitwi tena. Wanachama wanalichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko mahubiri.

Haskell alikuwa ameshapiga zamu ile kichwani mwake mara nyingi. Na sasa angesimama Shangazi Radi.

*

Siku chache kabla ya shindano, basi la njano lilisimama langoni kwa Haskell. Eufemia alishuka kwa kuruka, maana ngazi ilikuwa ndefu kwake.

"Bwana Burgin! Usinifungulie mbwa, nina watoto wa watu wa kuchukua saa tisa."

"Mbwa alikufa mwaka jana."

"Pole. Basi nani anabweka humu ndani?" Alipoona hacheki, akaacha kutabasamu. "Najua unaniona vipi. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza, kwa sababu aliyekuwa akinijibu hayupo."

Haskell aliendelea kufuta spana yake. "Uliza."

"Risasi alizonijazia marehemu zimeisha. Nilizimaliza mazoezini, mjinga mimi, sikujua kama ni za mwisho. Nimenunua boksi dukani, saizi ile ile. Zitafaa?"

Upepo ulipita, ukaondoka na vumbi la ua mzima. Haskell alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kwa sauti ya Ordell mwenyewe, maana alilisikia siku ile tupa ilipokuwa ikila springi ya bunduki hii ya pili: *Nimeinyoa hii mpaka imebaki pumzi tu. Inataka fataki laini, zile ninazotia mwenyewe. Ukiilisha fataki ngumu za dukani, nyundo itabisha hodi na hakuna atakayefungua. Itakuchekea mbele za watu.* Kwa hiyo Ordell hakupata kutumia risasi ya dukani maishani mwake. Aliitia mwenyewe fataki, kile kidonge cha shaba kinachowasha baruti, kitakoni mwa kila ganda, na bila shaka alidhani iko siku atamweleza mwanafunzi wake sababu. Watu hudhani hivyo.

"Risasi ni risasi, mama," Haskell alisema.

"Nilitaka nizijaribu kesho kule machimboni."

"Ningekuwa wewe nisingeichokoza." Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka laini, kama yamepakwa mafuta. "Bunduki ya marehemu haipigwi kabla ya siku yake. Isafishe tu, uifunike."

Eufemia aliinamisha kichwa. "Sikuijua hiyo. Ahsante. Ordell alisema wewe ndiye unayejua mambo ya zamani."

Akapanda basi lake, akapiga honi mara mbili, akaenda. Haskell alibaki na spana mkononi. Ndani ya nyumba, kabatini, kulikuwa na kopo la tumbaku, la mwisho aliloletewa na Ordell. Hakuwa amepiga hata moja. Kila ganda lilikuwa na mstari mdogo wa wino mweusi kitakoni, alama ya Ordell. Zilikuwa zinatosha zamu moja.

Usiku akalala vizuri, jambo lililomuudhi asubuhi.

*

Jumapili palikuwa na upepo, na pilipili za kijani zilikuwa zinachemka na nyama katika sufuria kubwa bandani. Wanaume walivaa vizibao na tai za kamba, wanawake sketi za kufagia vumbi. Maurine alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha kukunja cha mumewe, kofia ya Ordell mapajani kama paka.

Haskell alikuwa kwenye meza ya kujazia, mahali pa kukagua bunduki za wanaosubiri zamu. Kopo lilikuwa mfukoni mwa kizibao chake. Alijiambia amelileta kwa ajili ya kumbukumbu.

Eufemia alifika mezani na bunduki ya Ordell. Hata kabla hajaiweka chini Haskell aliona jinsi alivyoibeba, mkono wa kushoto ukiwa mbele zaidi ya kawaida na kichwa kimeinama kidogo kulia. Hivyo ndivyo Ordell alivyobeba. Alimfundisha hata hicho, akawaza. Mimi hakunifundisha kwa sababu nilidhani najua.

"Shangazi leo kimya," mtu mmoja alitania nyuma. "Radi imekosa mawingu?"

"Subiri ninyeshe ndipo uanike nguo zako," Eufemia alijibu, huku akisukumia risasi za dukani tumboni mwa bunduki. Haskell alizitazama zikiingia. Ziling'aa zote. Hazikuwa na mstari mweusi. Alitakiwa kukagua, akakagua, akasema, "Sawa."

Thurl Meeks, msimamizi wa uwanja, aliyeitwa Jaji kwa ajili ya koti lake jeusi, alivua kofia. Watu wakasimama. Jiko lilizimwa.

"Kobe wa Carrizo," aliita. "Zamu yako."

Eufemia alitembea mpaka mstarini. Akainua bunduki, kichwa kikainama kulia, akafyatua.

Tk.

Sauti ndogo kabisa, kama mtu anayepiga ulimi kwa kusikitika. Eufemia alishikilia bunduki imeelekea mbele, akangoja kama inavyotakiwa, kisha akasukuma wenzo. Risasi nzima iliruka, ikaanguka vumbini na kovu dogo kitakoni.

Tk.

"Ordell hataki kuondoka," mtu alinong'ona, na mmoja akacheka cheko fupi la woga.

Ya tatu ililia, bamba likaitikia, na bega la Eufemia likalegea kwa faraja. Ya nne: tk. Ya tano: tk.

Haskell alikuwa amengoja tamu. Ilikuja kweli, mara moja, kama asali kwenye ncha ya kisu, halafu akabaki na kisu. Kwa sababu hakumtazama Eufemia. Macho yake yalikwenda kwa Maurine. Maurine alikuwa ameifunika kofia ya mumewe kwa mikono miwili, kama mtu anayemziba mtoto masikio. Kila nyundo ilipogonga bure, mikono ile ilishtuka.

"Sijui nini," Eufemia alisema bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya mtu aliyevunja kitu katika nyumba ya wenyewe. "Sijui, Jaji. Niliisafisha. Nilifanya kila nilichoambiwa."

*Nilichoambiwa.* Hakusema na nani.

Thurl alikohoa. "Jaribu moja tena, mama. Ikigoma, iweke chini. Hakuna lawama."

"Thurl, subiri," Haskell alisema.

Alishangaa miguu yake imeshatoka mezani. Alitembea mbele ya watu wote, mkono umezama ndani ya kizibao, na kila hatua alitamani awe mtu mwingine mwenye kopo jingine. Akalitoa. Akamwekea Eufemia kiganjani.

"Toa hizo zote. Tia hizi. Ni zake."

Eufemia alifungua kifuniko. Akaona mistari myeusi. Alikuwa mwepesi, yule mama. Haskell aliona kabisa jambo lilivyompita usoni, kwanza furaha, kisha hesabu, kisha kuelewa.

"Springi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni springi, siyo? Aliinyoa."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Walikuwa wawili tu wanaosikia, watatu ukimhesabu Thurl, na Thurl ghafla aliona jambo la kumvutia sana juu ya mlima. Haskell alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe. Eufemia alisukuma wenzo, akatema risasi za dukani moja baada ya nyingine vumbini, akajaza za Ordell. Alipomaliza hakuinua bunduki. Alimpa yeye.

"Piga wewe, Mkono Mrefu. Ulikuwa naye miaka yote hiyo. Na risasi ni zako."

Kwa hiyo alipewa alichokitaka. Mbele za watu wote, mbele ya Maurine, bunduki ya cherehani iliwekwa mikononi mwake. Akaisogeza begani.

Haikufika. Yaani ilifika upesi mno: kitako kiligusa bega wakati mkono wake ungali umekunjwa kama wa mtu anayejikuna kwapa, na sehemu ya kulengea ikawa karibu na jicho lake kama miwani. Akaishusha, akaitazama. Kitako kilikuwa kimekatwa. Vidole vitatu vizima vya mti vilikuwa havipo, na mahali palipokatwa palisuguliwa, pakapakwa mafuta, pakasuguliwa tena, kazi ya Jumamosi nyingi. Hata mpini wa wenzo ulifungwa ngozi kwa ndani ili usilegee katika mkono mdogo.

Alijikaza, akainua tena, akafyatua. Risasi ililia, bamba likajibu. Akasukuma wenzo kwa nguvu zote kama alivyozoea kwa ile ya kwake, akaurudisha, na kwa kuwa pua yake ilikuwa pale ambapo kwa miaka yote kulikuwa na hewa tu, kidole gumba chake mwenyewe kikampiga puani. Machozi yakamtoka. Kwanza kwa sababu ya pua.

Halafu kutoka kiti cha kukunja Maurine akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Aliniambia!" alisema akifuta macho. "Aliniambia, 'Nikifa Haskell ataitaka, na itampiga pua!'"

Uwanja wote ukapasuka. Haskell alisimama pale na pua yake nyekundu, na akaona kwamba kumbe alikuwa analia, na kwamba kwa bahati nzuri hakuna aliyeweza kujua ni lini machozi ya pua yalikoma na ya Ordell yakaanza.

Alimrudishia Eufemia bunduki. "Si saizi yangu," alisema. "Maliza, mama. Usisukume sana. Iache iende yenyewe."

"Najua," Eufemia alisema, na hakulisema kwa ukali. Akainamisha kichwa kulia. Cherehani ikaanza.

*

Kibao kilipigiliwa. Watu walikula. Haskell alibaki mstarini ameinama, anaokota maganda vumbini, maana maganda ya Ordell hujazwa tena, hayaachwi. Kivuli kifupi kikamfikia.

"Nilitaka kukuchukia," Eufemia alisema. Alikuwa na mabakuli mawili ya mchuzi. Moja akamnyooshea. "Nimeahirisha. Kula kwanza."

"Nilikudanganya."

"Ulinidanganya vizuri pia. 'Bunduki ya marehemu haipigwi kabla ya siku yake.' Karibu nitokwe machozi." Alipuliza bakuli lake. "Unajua ile karakana ina kiti kimoja tu?"

Haskell alikijua. Ni kiti cha trekta kilichochomelewa juu ya mguu wa bomba. Alikichomelea mwenyewe.

"Miaka miwili nilisimama," Eufemia alisema. "Natoka kwenye basi, mgongo unauma, nataka kukaa. Ordell ananiambia, 'Hapo hapana. Hicho kina mwenyewe, amenuna tu. Akichoka atarudi.' Kila Jumamosi namuuliza, bado hajachoka? Anasema bado. Nikamwambia, basi mfuate. Anasema, 'Nikimfuata atajua nimemkosa.' Wazee nyie! Kila mmoja amekaa nyumbani kwake anamngoja mwenzake, na mimi miguu inavimba."

Mchuzi ulikuwa na pilipili kali. Haskell aliushukuru kwa hilo. Kule bandani mtu alikuwa ameichukua bunduki na kuichezea bila risasi, na ule mlio laini ulikuja na upepo, bila kituo. Bado ulimuuma. Aliujua wivu wake kama mtu anavyojua goti lake bovu. Alijua ungekuja pia na baridi ya mwaka ujao. Ila leo haukumwelekea mwanamke huyu. Ulimwelekea mtu fulani mwenye mikono mirefu ambaye angeweza kukaa Jumamosi hizo zote juu ya kile kiti, na hakukaa.

Alipangusa ganda la mwisho kwa shati, akalitia koponi pamoja na mengine, akafunga kifuniko. Akamnyooshea.

"Haya ni matupu," Eufemia alisema.

"Yanajazwa. Fataki laini ninajua alikuwa anaziweka wapi." Akasita. "Kama Maurine hajaifunga karakana."

"Hajaifunga. Jumamosi nipo pale kuanzia saa mbili." Alilipokea kopo, akalitikisa karibu na sikio kama anayesikiliza kama mtoto amelala. "Ukija, uje ukae kwenye kiti chako. Nimechoka kukipita. Na uje na kile cha kuchomelea chuma, uniundie na mimi changu. Kifupi."